Mikono Isiyo na Mwenyewe

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na karakana haijajaa majokofu ya watu hadi mkakosa pa kupita. Mimi sijambo. Mafua yaliyonishika mwezi uliopita yamekwisha, kimebaki kikohozi cha asubuhi tu, nacho kinaelekea mlangoni. Nipe habari za Mama. Miguu bado inamvimba akikaa sana? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, yule mkubwa ameacha kufungua redio za watu? Mwambie shangazi yake amesema redio iliyofunguliwa hufungwa na yuleyule aliyeifungua, la sivyo atakuwa fundi nusu, na fundi nusu ni hasara mbili.

Najua utashangaa kuona bahasha. Utasema, huyu Maswali kapatwa na nini, si ana simu? Kaka, simu nimeishika mara tatu nikaiweka chini. Nakujua. Mtu akianza kukuambia jambo lenye uzito unamkatiza kwa mzaha, kisha unasema kuna mteja mlangoni. Karatasi haikatizwi. Nakuomba uisome umekaa, umeshanawa mikono, na uifikishe hadi mwisho hata kama jokofu la nani sijui linavuja.

Kwanza habari za kazi. Siku moja uliniuliza ninafanya nini hasa pale chuoni, nikakujibu ni mambo ya tovuti, ukasema basi maana yake sina ninachofanya. Wote mlicheka, na Mama naye akacheka ingawa hakuelewa. Sasa ngoja nikueleze.

Mwaka jana mkuu wa chuo alikuwa na mgeni mkubwa anayekuja. Yule mgeni, kabla ya kusafiri, akafungua tovuti ya idara ya historia apate kuwajua wahadhiri. Badala ya wahadhiri akakuta mzee mmoja anatabasamu sana, akitangaza vidonge vya kuongeza nguvu za kiume. Wezi wa mitandaoni walikuwa wameingia humo na kufungua duka, na idara yenyewe haikuwa na habari, kwa sababu hakuna mtu wa idara aliyekuwa ameifungua tovuti hiyo kwa miaka miwili. Mgeni aliuliza kwa adabu kama ni somo jipya.

Mkuu wa chuo akaitisha kikao. Aliuliza swali dogo tu, kwamba chuo chetu kina tovuti ngapi. Mmoja akasema arobaini. Mwingine akasema haziwezi kupungua mia. Bosi wangu, mama mmoja mfupi wa maneno machache, anayetembea na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, akasema hajui. Watu walimgeukia kama mtu aliyepiga chafya katikati ya sala. Lakini ni yeye peke yake aliyesema kweli, na kama unavyojua, anayesema kweli ndiye anayepewa kazi. Akapewa miezi sita azihesabu zote, na yeye akaniita mimi.

Tulipewa chumba ghorofa ya tatu kilichokuwa stoo ya idara ya kemia. Hadi leo ukifungua droo inanuka spiriti. Nilianza na orodha rasmi, nikapata tovuti arobaini na mbili. Nikaenda kwenye rejista ya anwani zote zilizowahi kutolewa kwa jina la chuo, zikafika mia tatu na kitu. Nikadhani nimemaliza, kumbe ndiyo kwanza nimebisha hodi. Kila idara ina tovuti yake, kila mradi, kila kongamano. Kuna kongamano la miaka tisa iliyopita ambalo bado linawakaribisha watu mwezi ujao. Kuna profesa aliyefariki, Mungu amrehemu, lakini ukurasa wake bado unawataka wanafunzi wamwone Jumanne saa kumi bila kuchelewa. Maktaba ina tovuti tatu, zote zinajiita rasmi. Moja inasema maktaba hufungwa saa mbili usiku, ya pili inasema saa nne, na ya tatu haifungi kamwe.

Nikaanza kuzunguka kwa miguu, ofisi kwa ofisi. Kwenye maabara ya udongo walinionyesha kompyuta moja chini ya meza, imewekewa birika la chai juu yake. Hakuna aliyejua ni ya nini. Walijua tu kwamba ikizimwa, simu zinaanza kulia. Tulipoichungulia tukakuta imebeba tovuti kumi na moja, na mojawapo ndiyo iliyokuwa ikiwapa wakulima habari za mvua. Kaka, nilicheka hadi nikakaa chini. Wakulima wa nchi nzima, na mvua yao chini ya birika!

Mtu aliyenisaidia kuliko wote ni fundi wa chumba cha mashine, tunamwita Mzee Waya. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Chumba chake ni baridi kama ndani ya majokofu yako, kwa hiyo yeye huvaa sweta na kofia ya sufu wakati sisi wengine tunajipepea kwa mafaili. Kila waya wake una kibandiko chenye maandishi mazuri ya mkono. Hapendi maneno, ila ukimuuliza mashine fulani ilinunuliwa lini na ilikufa lini, anakutajia mpaka siku ya juma. Meza yake iko hatua kumi kutoka chumba chetu, maana nimeshazihesabu.

Mwisho wa yote zilifika mia saba thelathini na moja. Mkuu wa chuo aliposomewa hesabu hiyo aliomba isomwe tena.

Basi kamati ikaweka sheria. Kila tovuti lazima iwe na mwenyewe, mtu mmoja aliye hai, mwenye jina, ofisi na simu, atakayeulizwa mambo yakiharibika. Isiyo na mwenyewe ifungwe, maana nyumba isiyo na mtu ndiyo wezi wanayohamia. Ni ule usemi wa siku zote, asiyekuwepo na lake halipo. Lakini bosi aliongeza jambo lake. Alisema kabla ya kufunga lazima mwenyewe atafutwe kweli. Aandikiwe mara mbili, apigiwe simu, kisha mtu aende kwa miguu akabishe mlangoni, na aulize majirani wa ofisi. Baada ya hayo yote ndipo tuandike kwenye jedwali kwamba ametafutwa, hakupatikana.

Siku ya mwisho ilipofika, jedwali langu lilikuwa limejaa. Tovuti sitini na tatu zilikosa wenyewe, zikafungwa Alhamisi moja asubuhi kabla ya chai. Kamati ilifurahi sana. Nikapewa barua ya pongezi yenye muhuri. Ile picha niliyowatumia, nimeshika bahasha nacheka kama niliyeokota dhahabu, ni ya siku hiyo. Wewe ukanijibu kwa neno moja, Hongera, na Mama akaniambia umeionyesha kwa kila mteja aliyeingia.

Siku ya tisa baada ya hapo akaja mwanamke mmoja ofisini. Fundi cherehani, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Alikuwa ametumwa ofisi nne tangu asubuhi, kila mtu akimwonyesha mlango wa mwenzake. Chini ya kwapa alikuwa na bunda la zile karatasi za kaki wanazokatia mitindo. Nikampa kiti. Hakukaa hadi alipomaliza kunieleza.

Ana binti wa miaka sita ambaye alizaliwa hasikii. Kwa miaka minne ya kwanza, alisema, mazungumzo ya nyumbani kwake yalikuwa kuvutana nguo na kunyoosheana vidole. Mtoto akilia walikuwa wakimpa kila kitu kilichomo ndani kimoja kimoja hadi wafikie kile alichotaka. Kisha muuguzi mmoja wa kliniki akamwonyesha kwenye simu tovuti ndogo inayoitwa Mikono. Humo kuna picha za video, fupifupi, mikono ya mtu ikionyesha neno moja moja kwa lugha ya alama, na neno lenyewe limeandikwa chini. Wakaanza kujifunza maneno matatu kila jioni baada ya kufunga cherehani, yeye na binti yake na mume wake na bibi wa mtoto. Leo yule mtoto anawasimulia ndoto zake.

Sasa tovuti imetoweka. Mwanzoni alidhani ni simu imeharibika, akaazima ya jirani. Halafu akaogopa kusahau, akaanza kuchora mikono ile kwa penseli kwenye karatasi za mitindo, kila alama anayoikumbuka. Akalifungua bunda mezani kwangu. Kaka, mikono mingi, imechorwa kwa uangalifu wa mtu anayechora kola ya bibi harusi, na mishale midogo ya kuonyesha mkono unaelekea wapi. Zaidi ya nusu alikuwa ameiwekea alama ya kuuliza.

Nilimwambia mwenye tovuti ametafutwa kwa muda mrefu, hakupatikana. Niliyasema hayo namwangalia usoni.

Hakukasirika. Alikunja karatasi zake polepole, akasema:

“Juzi mtoto aliniuliza neno. Aliota kitu, akawa anataka jina lake. Nikamwonyesha mikono mitupu, akaniacha akaenda kucheza. Sikuja kugombana na mtu, dada yangu. Labda huyo mwenyewe amekufa. Au labda ni mzima, ila hajui kama anahitajika.”

Nikamshika mkono tukaenda kwa Mzee Waya. Mzee alimsikiliza akiwa amesimama, akaivua kofia yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Alisema kufunga na kufuta ni mambo mawili, na yeye kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kufuta kitu cha mtu siku ileile aliyoamriwa. Akachomeka, akabonyeza, akasubiri. Haikufika nusu saa. Mikono ikatokea kwenye kioo, ikasema neno la kwanza, ambalo ni Karibu. Yule mama akajibu kwa mikono yake bila kujua kama anajibu.

Kisha akainama, akaangalia nyuma ya ile mikono. Mpigaji wa picha alikuwa ametundika blanketi ukutani lifunike rangi iliyobanduka. Fundi cherehani hawezi kuona kitambaa akanyamaza. Akagusa kioo kwa kidole akasema:

“Aliyeshona kiraka hiki anaijua kazi. Tazama alivyofuata mistari.”

Nikatazama. Blanketi la mistari ya kahawia. Kiraka cha pembe tatu, uzi mweusi, mistari ya kiraka imekutana na mistari ya blanketi kama vile haijawahi kukatwa. Kaka, chini ya blanketi lile tulilala wote wawili hadi miguu yako ikawa inatokeza nje. Nilikuwepo Mama alipokishona kiraka kile. Nikairudia ile mikono, vile vidole virefu, nikaona aibu kwamba nilihitaji kuonyeshwa kiraka ndipo niijue mikono iliyonifunga viatu.

Mzee Waya, bila kugeuka, akaanza kusimulia. Alisema hiyo ni kazi ya vijana wawili wa zamani, mmoja mrefu na mwenzake kiziwi aliyesoma hisabati, walikuwa wakilala chumba kimoja bwenini. Mrefu alijifunza lugha ya alama ili apate wa kubishana naye kuhusu mpira. Kisha wakaona si haki wao kuelewana peke yao. Walikuwa wakija kwake kila baada ya wiki mbili kuomba nafasi zaidi kwenye mashine, na yeye akiwapa kwa kunung’unika. Mwaka wa tatu baba yake yule mrefu alianguka kwa kiharusi, kijana akaondoka siku ileile. Alimwambia mzee tu kwamba atarudi kuimalizia. Kwa sababu hiyo, mashine ilipokufa mzee aliihamishia tovuti yao kwenye nyingine, na ile nyingine ilipokufa akaihamisha tena. Mara nne, kaka, kwa miaka kumi na mbili, bila kuulizwa na mtu na bila kupewa asante.

Nikamuuliza kwa nini hakunieleza haya wakati natafuta mwenyewe.

“Hukuniuliza,” alisema.

Basi nimefika mahali nilipokuwa nakwepa tangu ukurasa wa kwanza. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Zile tovuti sitini na tatu sikuwatafuta wenyewe. Wiki ya mwisho nilikuwa nimechoka, na siku ya kamati imeshika shingo. Zilibaki sitini na tatu ambazo sikuwa nimezigusa. Nikaandika kwenye mstari wa kwanza kwamba ametafutwa, hakupatikana, kisha nikauvuta ule mstari kwa panya wa kompyuta hadi chini, zote zikajaa kwa mpigo mmoja. Sikuandika barua hata moja. Sikubisha mlango hata mmoja. Ya kwako niliifungua kwa muda wa mwayo mmoja, nikaona picha za kizamani za mikono, nikadhani ni somo la kunawa. Aliyeifunga siyo kamati, ni mimi. Na yule mama alipokuja nilimdanganya mchana kweupe, akiwa amesimama na karatasi zake.

Na kuna la pili, ambalo ni la zamani zaidi. Siku ya usaili wa kazi hii waliniuliza kama kuna mtu wa familia yangu aliyewahi kusoma chuo kile. Nikasema hakuna, mimi ni wa kwanza. Walitikisa kichwa kwa kupendezwa. Sikulazimika kusema hivyo, kaka. Nilisema kwa sababu nilidhani miaka yako mitatu pale ilikuwa maji yaliyomwagika. Hukuwahi kuizungumza. Ulirudi na sanduku moja na blanketi, ukamgeuza Baba kitandani miaka sita hadi alipotutoka, ukajifunza majokofu kwa jirani, ukanisimamia mimi nisome, nami moyoni nikawa nakuhurumia. Nilikuwa nakuhurumia wewe! Wakati nikijiita wa kwanza, kulikuwa na nyumba za watu nisiowajua ambamo mtoto anaongea na mama yake kwa sababu yako.

Siombi unijibu upesi. Naomba unisamehe ukiwa tayari.

Mchana uleule nilimpeleka yule mama hadi kituoni, kisha nikaenda kwa bosi nikamweleza kila kitu, nimesimama. Nilikuwa nimeshapanga vitu vya mezani kwangu kwenye mfuko. Alivua miwani yote miwili. Kisha akaniambia niandike kwa mkono wangu barua kwa kamati, nieleze nilivyofanya, na niirudishe ile ya pongezi. Nilipomaliza aliichukua, akaandika chini yake kwamba naye ana makosa, kwa sababu alitia sahihi bila kukagua. Kisha akasema maneno ambayo nitayakumbuka nikiwa bibi kizee. Alisema:

“Mfuko huo urudishe mezani. Una milango sitini na tatu ya kubisha.”

Aliwaendea wakubwa peke yake akawaambia hesabu haijakamilika. Sijui alisikia nini humo ndani. Alitoka akaniomba nimletee chai, akainywa yote. Sitini na tatu zote zikafunguliwa siku hiyo, kwa ulinzi wa Mzee Waya, hadi kila moja itafutiwe mwenyewe kihalali. Imenichukua wiki tano. Ishirini na sita zimepata wenyewe. Mhadhiri mmoja mstaafu wa mimea, nilipobisha kwake kuuliza kama bado anaitaka tovuti yake ya majani, alinishika mikono miwili akasema alidhani chuo kimeshamsahau. Zilizobaki nimezifunga, lakini sasa naweza kukutajia kila mlango niliosimama. Nikikuambia kwamba nalala vizuri zaidi bila ile barua ya pongezi kuliko nilivyolala nayo, uniamini.

Sasa nikupe zawadi yako. Wewe na mwenzako mliweka pale chini ya tovuti kisanduku cha Tuandikie. Pengine umesahau. Watu waliandika. Ujumbe wao ulikuwa ukiingia kwenye faili moja ndani ya seva, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kulifungua, ulikuwa ukijikusanya tu. Mzee Waya aliponifungulia tulikuta ujumbe elfu mbili na mia tatu na nne. Nimeusoma wote, ilinichukua siku tatu. Kuna dereva wa basi aliyejifunza kusalimia abiria wake mmoja. Kuna bibi aliyeandika kwa herufi kubwa tupu kwamba mjukuu amemwambia anampenda, naye ameelewa. Kuna bwana aliyejifunza kuposa kwa mikono, na miezi mitatu baadaye akaandika tena kwamba amekubaliwa. Nimekuchapishia jumbe thelathini, zimo humu nyuma ya barua yangu. Zote ni zako, zilikuwa njiani tu.

Mmoja nimeuweka juu. Umetoka kwa mwenzako wa hisabati, miaka minne iliyopita. Anasema, We Mrefu, bado uko hai? Anafundisha shule ya viziwi, na shule nzima inaitumia Mikono. Anasema ukiusoma ujumbe huo umtafute, kwa sababu bado hujakubali kwamba lile goli lilikuwa halali. Namba yake ameiacha. Nimempigia kwa video nijue kama bado inafanya kazi. Inafanya kazi. Tuliandikiana kwa karatasi mbele ya kioo cha simu, na nilipomwonyesha jina lako alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Ameniomba nikuulize jambo moja. Sehemu ya mwisho ya tovuti yenu ina kichwa tu, kimeandikwa Hospitalini, na chini yake hakuna neno hata moja. Tunajua sote kwa nini. Lakini yule mama cherehani anasema hayo ndiyo maneno anayoyahitaji kuliko yote, maana binti yake akiugua hawezi kumwambia daktari panapouma. Mwenzako yuko tayari kuja likizo hii, na bosi ametupa chumba. Blanketi, kama Mama bado analo, nitalichukua mwenyewe. Idara ya ualimu nayo imeomba iichukue tovuti iitunze, lakini bosi amewaambia hakuna kinachochukuliwa kabla walioitengeneza hawajaulizwa. Kwa miezi mitatu ameweka jina lake mwenyewe kwenye safu ya mwenyewe, kama mlezi. Humu ndani kuna fomu. Sijaandika jina lako popote. Ukitia sahihi, sawa. Ukikataa, nitakuelewa, na bado nitakushukuru siku zote za maisha yangu.

Nisalimie wifi, na umwambie kitenge chake nimekipata kwa rangi aliyoitaka. Nibusie watoto. Umsomee Mama sehemu ya kiraka, mara mbili akipenda, ila ile ya usaili naomba nimweleze mimi mwenyewe. Mzee Waya anakusalimu na anasema nafasi kwenye mashine sasa ipo ya kutosha, huna haja ya kuomba.

Nitafika Jumamosi ya wiki ijayo, kabla ya saa sita. Siji peke yangu. Yule mama ameniomba nimlete na binti yake, nami sikuweza kumkatalia. Mtoto ameshaambiwa anakuja kumwona nani, na tangu hapo halali mchana. Atakuamkia kwa mikono. Nakuomba, kaka, usijifanye umesahau.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Maswali